Rehema, toa ule waya dirishani

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na watoto nisalimie mmoja mmoja. Sisi huku Winnipeg, Kanada, wazima, tumezikwa kwenye makoti tu. Habari za mjomba na ile kesi ya nyumba ya Tanga nitakupa siku nyingine, leo nina jambo linaninyima raha.

Gari lenu zuri, hongereni. Lakini kwenye picha macho yangu yaliishia kwenye waya. Ule mweupe, mwembamba, unaotoka dirishani na kupita juu ya theluji mpaka kwenye boneti, kuwasha hita ya injini, kile kidude cha kuipasha injini iwake kwenye baridi, ni waya wa ndani ule, wa taa na redio! Ganda lake likipigwa na baridi ya huko kwenu Regina, nyuzi 30 chini ya sifuri, linakakamaa na kupasuka, na dirisha nalo linaubana kila mkilifunga. Shemeji anasema mbona unafanya kazi. Mwambie hata jiko la mkaa ndani ya nyumba hufanya kazi.

Halafu eti hita ya chumba cha watoto mmeichomeka hapo hapo? Wewe ndiye uliyekuwa ukininakilisha hesabu, basi piga hii: volti 120, saketi ya ampia 15, mwisho wake ni wati 1,800. Hita ya chumba peke yake hula kama 1,500. Ya injini, kutegemea gari, 400 hadi 1,000. Breka ya umeme ikikata, shukuruni. Isipokata... sitaki hata kumalizia.

Nunueni waya mnene wa nje, wa pini tatu, ulioandikwa kwamba unahimili baridi, na uwe wa kutosha kufika tu. Unyooshwe, usiachwe umeviringishwa ukiwa na umeme, maana hapo unajipika. Uchomekwe soketi ya nje, ile yenye kitufe cha kujaribia, inayojikatia umeme ukivuja.

Wala hakuna haja ya kuuacha usiku kucha. Muda wa saa mbili hadi nne unatosha, na baridi isipofika nyuzi 15 chini ya sifuri, gari lisilo na hitilafu huwaka bila hita. Wekeni taima: mkitoka saa moja asubuhi, iwashe saa kumi alfajiri. Zaidi ya hapo mnalipia bili bure. Kile kidude kinapasha maji ya rejeta, si betri, kwa hiyo betri mbovu itabaki mbovu. Na maji yakipungua, chenyewe kinaungua. Fundi awapimie na dawa ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu na maji.

Kuchomoa kabla ya kuondoka, sina haja ya kusema. Mzee Kombo aliuburuta wake mpaka kwenye taa za barabarani, watu wanampigia honi, yeye anawapungia mkono. Unamjua.

Lakini Rehema, ule waya. Leo, si wikendi.

Soketi ya nje mnayo, au mwenye nyumba bado anawazungusha? Plagi ya kwenye gari mmeikagua, haijachubuka? King'ora cha moshi kina betri? Na Mwanaisha, viza imetoka? Mchele wa kupikia pilau mnaupata wapi huko, au mmeshakubali ule wa kunata?

Wako,
Zuhura