Rehema, ukifika Vernazza tazama kuta

Mwanangu Rehema,

Salaam sana. Mama yako kanieleza kwamba wewe na wenzako mmeshakata tiketi ya Italia na mtapita Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani, Vernazza kikiwa kimojawapo. Nimefurahi mno, maana pale napajua. Enzi zangu za ubaharia, meli ikifunga La Spezia nami nikipata ruhusa ya kushuka, nilikuwa napanda treni hadi Vernazza. Safari ni fupi, sehemu kubwa ndani ya mahandaki. Mara mnatoka gizani, bahari hiyo hapo chini yenu.

Picha zake umeziona: nyumba za waridi na manjano zimebanana mlimani, kanisa la Santa Margherita liko ukingoni kabisa mwa maji, mnara wa kale juu ya jabali. Pazuri kweli, piga picha hadi uridhike. Lakini nakuomba uinue macho juu ya mapaa, uzitazame kuta.

Mlima wote umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi inashikiliwa na ukuta wa mawe matupu, bila saruji wala chokaa. Nilisimama kumwangalia mzee mmoja akijenga upya palipobomoka. Alishika jiwe, akaligeuzageuza, akalilaza ncha ndefu ikiingia ndani ya mlima, kisha akashindilia vijiwe nyuma yake. Alikuwa hana haraka hata kidogo. Mvua ikinyesha, maji hupenya taratibu katikati ya mawe na udongo ukabaki. Watu wa pale wamejenga hivyo karibu miaka elfu moja ili wapate vipande vya kupandia mizabibu, mizeituni na malimau. Kwangu mimi, kazi hiyo inalishinda kanisa na mnara.

UNESCO iliiingiza Cinque Terre katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Hata hivyo, wengi walikuwa wameshaacha kilimo, na shamba likiachwa ukuta hubomoka, maji yakakosa wa kuyazuia. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishuka kwa saa chache tu. Vernazza na jirani yake Monterosso zikafukiwa kwa tope na mawe, na watu wakafa. Roho iliniuma niliposikia, kama vile ni kwetu.

Kwa hiyo, mwanangu, usipande wala kukalia ukuta wowote. Jiwe moja likichomoka, mengine hufuata. Vaa viatu vya soli inayoshika, kandambili haziruhusiwi kwenye njia za mlimani. Mkiweza, laleni palepale usiku mmoja, kwani mchana umati ni mkubwa na jioni mji huwarudia wenyewe. Na onja dagaa wa Monterosso wa kutiwa chumvi, utawapenda.

Niandikie tarehe mtakayofika. Ikiwa ni msimu wa mvua za Oktoba au Novemba, kila asubuhi ulizieni hali ya hewa kabla ya kutoka. Tahadhari ikitolewa, njia hufungwa, nanyi msibishane na mtu, pandeni treni.

Baba yako