Paka mnene yule hajatunzwa, anaumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Toleo la Jumamosi lilikuwa na picha ya paka amelala kibarazani, tumbo limemwagika sakafuni, na maelezo yakimsifu mwenye paka kwa kumtunza vyema. Nimefanya kazi ya mifugo mkoani Tanga mpaka nilipostaafu. Ng'ombe wa maziwa ndio waliokuwa kazi yangu, lakini tangu nirudi nyumbani Ngamiani, wanaonibishia hodi wengi ni wenye paka. Picha ile niliitazama kwa jicho la mtu wa mifugo, nikaona mnyama mgonjwa.

Paka wetu wa kawaida akishakomaa huwa na kilo 3.5 hadi 5. Sultani, dume la jirani yangu lililohasiwa, alifika kilo 7. Ukimwambia mtu kwamba kilo 2 zimezidi, anaona ni kitu kidogo, mfuko wa unga tu. Basi afanye hesabu: kwa mnyama wa kilo 5, ni sawa na mtu wa kilo 70 kubebeshwa kilo 28 nyingine, alale nazo na apande nazo ngazi. Sultani alikuwa haruki tena ukutani. Manyoya yake ya kiunoni, karibu na mkia, yalikuwa yamesokotana vifundo na chini yake ngozi imejaa ukoko. Nyumba nzima ilidhani ni upele, na dawa ya upele alishapakwa. Kumbe hakuwa na upele wowote. Tumbo lilimzuia kugeuka akajilamba mahali pale. Paka asiyeweza kujisafisha ana dhiki, hata kama hasemi.

Na hapo ni mwanzo tu. Unene humletea paka kisukari kama binadamu, na viungo vyake huchakaa mapema. Ukiona paka mnene ameanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje.

Kumjua paka aliyezidi si lazima uwe na mizani. Mpapase ubavuni kwa vidole bila kukandamiza. Mbavu zikihesabika kama unavyohesabu mifupa ya mgongo wa kiganja chako, yuko sawa. Ukilazimika kuzitafuta, amezidi. Halafu msimamie kwa juu umtazame: nyuma ya mbavu panatakiwa pabonyee kidogo, pawe na kiuno. Mwenye mizani ya kupimia watu, apande akiwa amempakata paka, kisha apande peke yake, atoe.

Sababu nazijua, maana naziona kila siku. Ya kwanza ni nyumba zetu zenyewe. Katika nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji na ua mmoja, paka ni wa wote. Huyu anamtupia kichwa cha kibua, yule anamwagia wali, watoto wanamgawia andazi, na kila mmoja anaamini paka hajala. Jioni Sultani alikuwa ameshakula kwa milango minne. Tiba yake haikuwa dawa. Wapangaji walikaa uani wakakubaliana kwamba mmoja tu ndiye atakayelisha.

Ya pili ni kuhasi. Sisemi watu waache kuhasi, ni jambo jema na linapunguza paka wa kutupwa sokoni. Ila paka akihasiwa hamu ya kula inapanda huku mwili ukihitaji chakula pungufu. Sahani ikibaki ileile, ananenepa.

Ya tatu ni makombo. Paka ni mla nyama, hata ladha ya sukari haijui. Wali na ugali vinamjaza bila kumjenga. Mchuzi una vitunguu, na kitunguu huharibu damu ya paka. Maziwa huwaharisha wengi wakishakua. Mpe dagaa wasio na chumvi au samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, na moyo wa kuku mara kwa mara. Moyo una taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka akiikosa moyo wake unalegea.

Wazee wenzangu hunikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Ni hadithi sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, na naipenda. Lakini tuitaje yote: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Paka ana haki ya kulishwa, na ana haki ya kuhangaika na kuwinda. Aliye ndani ya fleti mfichie vipande vya chakula huku na huku, mburuzie kamba yenye kitambaa, akimbie.

Nasisitiza jambo moja kuliko yote, kwa sababu limeshaua. Msimnyime paka mnene chakula ghafla. Siku 2 au 3 bila kula zinatosha kujaza ini lake mafuta, fizi na macho yakawa ya manjano, na wasipotibiwa mapema wengi hawaponi. Punguzeni kidogo kidogo. Kwa paka kama Sultani, kupungua gramu 100 kwa wiki kunatosha. Chakula kipimwe kwa kikombe kilekile kidogo cha kahawa, asubuhi na jioni, na sahani iondolewe akimaliza. Akilia usiku, chezeni naye. Akikataa kula kabisa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni picha nyingine: paka mwenye kiuno, na maelezo ya namna ya kumpapasa mbavu. Ombi la pili ni kwa ofisi za mifugo za halmashauri. Kila ifikapo tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watu huleta mbwa na paka kuchanjwa. Karibu na meza ya chanjo iwekwe mizani, na uzito uandikwe kwenye kadi ileile ya chanjo, ili mwakani mwenye paka aone amepanda au ameshuka.

Wasalaam,

Afisa mifugo mstaafu,
Ngamiani, Tanga