Usilitibu hilo jino kimya kimya

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Jana uliponiambia jino linauma na umeshanunua vidonge duka la dawa, sikupata usingizi. Viache, mama. Sikukugombeza kwenye simu kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza kosa hilo.

Mwaka ule wa 2021 ulikuwa kidato cha pili. Jino lilivimba likatulia, kisha homa za usiku zikaanza, shuka inalowa jasho hadi unaikamua. Kipimo cha malaria hakikuona kitu, nikakununulia antibayotiki. Homa ikashuka, ikarudi. Siku moja nakukata kucha, nikaona vistari vyeusi chini yake, kama umechomwa na kijiti. Ndipo nikakupeleka hospitali. Walipootesha damu yako maabara kutafuta vijidudu, mara ya kwanza hawakumwona mdudu, sababu ya vile vidonge vyangu.

Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndiyo iliyosema. Vali ya aota, ule mlango wa damu inayotoka moyoni, yenye kovu la homa ya baridi yabisi ya utotoni, ilikuwa imeliwa na wadudu walioingia kwenye damu kutoka kwenye jino, na jipu limechimba hadi kwenye ukuta wa katikati ya moyo. Mapigo yakawa ya polepole, maana nyuzi zinazoongoza mapigo hupita humo humo ukutani. Daktari wa upasuaji kule Dar es Salaam alinieleza kwamba dawa ya kupitishwa mshipani peke yake haiwezi kumaliza jipu la namna hiyo. Mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu, wao wakakata vilivyooza vyote mpaka kwenye nyama nzima, wakaziba tundu kwa utando wa moyo wa ng'ombe, wakaweka vali ya bandia. Babu yako aliposikia habari ya ng'ombe alinyamaza kitambo, akaenda zizini, akakaa huko hadi magharibi. Baada ya hapo sindano wiki 6.

Kwa hiyo kesho nenda kliniki ya moyo, useme habari ya jino. Daktari wa meno ajue una vali ya bandia kabla hajagusa kitu. Kuna antibayotiki utakayopewa kama saa moja kabla ya kung'oa. Warfarini, dawa yako ya kuzuia damu isigande, usiiache kwa uamuzi wako, wapime damu kwanza. Mlenda kula, ila kwa kiasi kile kile cha kila siku, maana mboga za majani hubadili nguvu ya warfarini. Na homa yoyote ikikushika, damu ichukuliwe kabla hujameza kidonge.

Nauli na hela ya vipimo nimekutumia kwa simu. Ukitoka kwa daktari nipigie, hata kama niko shambani nitapokea.

Mama yako