Mke wangu amelipa deni langu kwa bangili zake, nami sipati usingizi

Shangazi yetu mpendwa, shikamoo, ingawa huenda umri wangu umeuzidi wako.

Ninakuandikia saa tisa kasoro usiku kwa mwanga wa simu, kwa sababu taa ya sebuleni nimeizima mwenyewe, na ndiyo kanuni niliyoiweka katika nyumba hii, kwamba baada ya saa nne hakuna taa inayowaka isipokuwa ile ya mlangoni. Niliamka kwenda kusoma mita. Najua mtu mzima anayeamka usiku kusoma mita anachekesha, lakini mwezi huu nimeisoma kila usiku na sijaona aibu, maana aibu yangu iko kwingine kabisa.

Ilikuwa Jumatatu, wakati wa chai, katika ofisi ya walimu. Nilikuwa na shilingi 50,000 nilizozikunja ndani ya karatasi, marejesho yangu ya kikoba, yaani chama chetu cha kuweka na kukopeshana, nami nilikuwa nimechelewa wiki tatu. Mweka hazina alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina langu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, “Mwalimu, wewe huna deni tena. Shemeji alileta zote Ijumaa.” Tulikuwa walimu tisa humo ndani. Mmoja akasema, “Hapo umeoa, Mwalimu,” wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikairudisha karatasi yangu mfukoni kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta duka limefungwa.

Shemeji alileta. Miaka 21 ya ndoa, na habari ya deni langu ninaipata kwa mweka hazina.

Nilipomuuliza mke wangu jioni ile hakuficha. Alisema kwamba Jumamosi niliyokwenda Muheza kwenye msiba, mwenyekiti wa kikoba na wajumbe wawili walifika nyumbani, akawakaribisha, akawapa chai na vitumbua, wakamweleza kwa adabu kwamba zimebaki 850,000 na kwamba wadhamini wangu wameanza kulalamika. Alisubiri siku sita. Katika siku hizo sita tulikula pamoja, tulilala kitanda kimoja, na siku moja tulikwenda wote Raskazone kumtazama shangazi yake mgonjwa, lakini hakutamka neno. Ijumaa alifuatana na kaka yake mpaka kwa sonara kule Ngamiani, akauza bangili zake mbili kwa 1,180,000. Akalipa kikoba, akalipa na lile daftari la dukani lililokuwa limefika 214,000, na zile 116,000 zilizobaki akanunua ubuyu, sukari na mifuko ya barafu.

Bangili zile nilimvisha mimi, Shangazi, nazo zilikuwa sehemu ya mahari yake. Hazikuwa nzito, lakini zilikuwa zikigongana anapokuna nazi, kiasi kwamba hata nikiwa uani nasahihisha madaftari nilikuwa najua amefikia wapi katika mapishi. Sasa anakuna nazi kimya, na mkono wake una mstari mwembamba uliopauka pale zilipokuwa zikikaa. Nakubali kwamba ni mali yake na kwamba kisheria, na hata kidini, alikuwa na haki ya kuziuza bila kuniuliza. Sijamgombeza. Ninachouliza ni kwa nini kaka yake alijua kabla yangu.

Nisingependa unihesabu miongoni mwa wanaume wanaokopa kwa anasa. Mkopo wa benki niliuchukua mwaka 2021 ili kuezeka nyumba hii ya Mikanjuni, na kila mwenye macho anayaona mabati. Mshahara wangu wa msingi ni 960,000, na baada ya makato inabaki ile theluthi moja ambayo sheria haimruhusu mwajiri kuivuka, yaani 320,000. Wewe unawajua watumishi na unajua maisha ya theluthi moja. Kikoba nilikopa kwa ajili ya binti yetu alipokwenda kidato cha tano huko bweni, na kila godoro, ndoo na sare ninaweza kukuonyesha risiti yake. Sinywi, sivuti, na kwenye baraza la kahawa sikai zaidi ya nusu saa.

Tena nilikuwa na mpango, na hilo ndilo linalonichoma, kwamba alilipa wakati mimi tayari ninalipa kwa njia yangu. Nilianza na umeme. Tulikuwa tunatumia uniti 6 kwa siku, nawe unajua kwamba 10,000 inaleta uniti 28 tu, tena mwanzo wa mwezi 1,500 inakatwa kwanza kwa ajili ya kodi ya jengo. Kwa hiyo tulikuwa tunakaribia 66,000 kwa mwezi katika nyumba isiyo na kiyoyozi. Nimefundisha hesabu miaka 24, nikasema hili nitaliweza. Nilinunua daftari la kurasa 48, nikawa naizima swichi kuu, nawasha kifaa kimoja kimoja, naandika. Jagi la kuchemshia maji ni la wati 2,000, na lilikuwa likichemshwa mara tano kwa siku kwa vikombe vya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nikaamuru maji yachemshwe mara moja alfajiri na yatiwe kwenye chupa ya chai. Pasi ni ya wati 1,000, na ilikuwa ikiwashwa kila asubuhi kwa shati moja. Sasa nguo zote zinapigwa Jumapili. Taa nne za zamani za wati 60 nikazibadilisha kwa za wati 9.

Friji ndilo lililonitesa. Nilitia karatasi kwenye mlango, nikaufunga, nikaivuta karatasi, ikatoka laini kama inatoka ndani ya kitabu, nikajua mpira wa mlango umekufa na baridi inatoka usiku kucha. Nilimleta fundi wa Makorora akaubadilisha, na matumizi ya friji yakashuka kutoka uniti 2.6 kwa siku hadi 1.5. Nyumba nzima ikafika uniti 3.2. Lakini mimi nilikuwa naitafuta 2.5, kwa sababu ile bei ya wanyonge, ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na 75 ukigawa kwa siku 30 unapata 2.5 kamili. Nilikusudia nikae chini ya hapo miezi kadhaa, kisha niende kuomba nihamishwe. Nawafundisha watoto kwamba maporomoko ya Hale, hapa hapa mkoani kwetu, yana mitambo ya megawati 21, halafu narudi nyumbani kugombania sehemu 7 za kumi za uniti.

Basi Jumanne, siku moja baada ya maneno ya ofisini, nilichomoa waya wa friji. Sikufanya kwa hasira. Naomba uniamini katika hili, kwa sababu mke wangu haamini. Ilikuwa imepangwa katika daftari tangu wiki iliyotangulia na tarehe iko pale. Ni kweli kwamba ndani mlikuwa na barafu za ubuyu 140 alizozitengeneza kwa zile 116,000, na ni kweli kwamba sikumwambia kabla ya kuchomoa, lakini na yeye hakuniambia. Alipofungua mlango mchana, maji mekundu yalimwagika mpaka sakafuni. Hakupiga kelele. Alichukua dekio, akadeki, akaning'iniza kanga iliyolowa, kisha akaniuliza swali moja tu: “Barafu moja mia mbili, Mwalimu. Hiyo umeiandika kwenye daftari lako?”

Sikuwa nimeiandika. Daftari ni la matumizi na si la mapato, na nilipomjibu hivyo aliingia chumbani. Baadaye nilipiga hesabu peke yangu: bila friji, na nikishahamishwa bei, ningeokoa kama 28,000 kwa mwezi, na yeye kwa barafu anapata faida ya kama 2,500 kwa siku. Sijamwambia matokeo.

Lakini narudi palepale, Shangazi. Siku sita. Ningemkuta amekaa, akaniambia, “Mume wangu, watu wa kikoba walikuja,” tungeketi tukapanga. Huenda mimi mwenyewe ningesema, “Tuuze bangili moja.” Mtu akikulipia deni bila kukuambia, amekusitiri au amekuanika? Kaka yake ni mwalimu wa madrasa, mtu mwenye heshima zake pale Ngamiani, na tangu siku ile akinisalimia ananishika mkono kwa mikono miwili kama mtu anayempa pole mfiwa. Siwezi kumtazama usoni.

Kuna jambo dogo ambalo ni lazima nilitaje ili uelewe hali yangu, ingawa si hilo ninalokuandikia. Mama yangu alipofariki Novemba iliyopita, nilihitaji milioni moja kwa haraka kwa ajili ya deni la matibabu na kumsafirisha hadi Pangani, na benki isingeweza kunipa kwa sababu ya ile theluthi. Nilikwenda kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, wale mnaowaita kausha damu. Riba ni asilimia 20 kwa mwezi, na dhamana ni kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Kila siku ya mshahara tunakutana kwenye mashine, anatoa 200,000 zake, ananikabidhi 120,000, na kadi inarudi kwenye mkoba wake pamoja na kadi nyingine zilizofungwa kwa mpira. Imepita miezi saba, nimelipa 1,400,000 kwa deni la 1,000,000, na milioni iko palepale. Najua kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kwamba mkopeshaji hupaswa kuwa na leseni, na huyu sijawahi kuiona yake wala sikuiuliza, maana siku ile nilikuwa na jeneza.

Mke wangu hajui. Nilimwambia kadi imeharibika na mpya bado haijatoka. Kuhusu zile 200,000 nilimwambia zinakwenda kwenye kikoba, kumbe kikoba nilikuwa nakipelekea 50,000 ninazopata kwa kufundisha masomo ya jioni, na mara nyingine hata hizo sizipeleki. Sasa kikoba kimekwisha. Unaona alichonifanyia? Amelipa, na kwa kulipa ameniacha sina pa kuziweka 200,000. Ijumaa ile ile usiku, kabla sijajua lolote, aliniuliza, “Hatudaiwi na mwingine?” nikamjibu hatudaiwi. Nilidhani anauliza kama watu wanavyouliza. Kumbe alikuwa ametoka kuvua bangili.

Ameshawaambia dada zake kwamba tumemaliza madeni. Ameshanipangia mshahara ujao: 320,000 zote mezani, elfu 40 za kibubu ili mwakani anunue tena bangili moja. Mshahara unaingia siku 9 zijazo.

Nimewaza kumnunulia bangili mimi, kabla hajaanza kuhesabu, na yuko mtu aliyeniambia anaweza kunikopesha kwa kuweka rehani pikipiki ya mdogo wangu. Usinikaripie, nimewaza tu. Nimewaza pia kumwendea shemeji yangu wa madrasa, kwa sababu tayari anajua nusu, lakini nusu anayoijua haina riba ndani yake, na sijui nitalitamkaje neno hilo mbele yake. Sitaki uniambie nimweleze mke wangu. Hilo mtu yeyote angeniambia bure. Ila kama ni lazima, basi niambie nianzie wapi: nianze na mama, au na kadi, au nianze na friji ambalo mpaka usiku huu halijawashwa, na ambalo nadhani anasubiri niliwashe mimi bila kuambiwa? Na kama nitaeleza yangu, je, ninayo bado haki ya kumuuliza kuhusu zile siku sita?

Nakuomba ujibu kabla ya mshahara, na usitaje mtaa. Mita inasoma uniti 11.3. Tangu saa nne tumetumia 0.2 tu, nayo ni feni ya chumba alicholala yeye.

Mwalimu,
Tanga