Mdogo wangu, mlango si kipimo cha masikio

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe unausoma halafu unanyamaza. Mama nikimpigia ananiambia nikuache kwanza upoe, nami nimekuacha vya kutosha. Nakuandikia hapa kwa kuwa najua unapita kila siku, na mwingine atakayesoma asome, huenda naye ana wake nyumbani.

Kijana wetu anakaribia kutimiza miaka miwili. Kwa umri huo mtoto anaunganisha maneno mawili: "mama njoo", "maji hapana". Akiwa na mwaka mmoja na nusu anatakiwa awe anajaribu angalau maneno matatu, ukiacha "mama" na "baba". Jina lake anaanza kuligeukia karibu na miezi tisa. Yeye ana "tata" moja, ambayo ni taa, ni kiatu, ni wewe. Lakini kunyoosha kidole ananyoosha, tena vizuri sana, halafu anakutazama usoni kuona kama umeelewa. Hilo linanipa moyo. Mtoto anayekuonyesha kitu na kutafuta macho yako ana hamu ya kuzungumza na watu. Ninachoshuku ni kwamba sauti zenu hazimfikii.

Sasa turudi kwenye harusi, maana najua ndiko ulikobaki.

Ulikuwa umempakata, anachezea utepe wa gauni lako. Muziki ulikuwa umezimwa ili wazee watoe nasaha. Nilisimama nyuma ya kiti chako nikamwita jina, kwa sauti ya kawaida, kisha nikarudia. Hakugeuka. Nikatikisa funguo upande wa kulia, kisha wa kushoto. Yeye na utepe wake tu. Ndipo mtu akabamiza mlango wa ukumbi, mtoto akashtuka mwili mzima, nawe ukanigeukia mbele ya mashangazi wote: "Umeona? Anasikia! Usituletee hospitali yako kwenye harusi ya watu." Watu wakacheka. Ukambeba, ukahama meza.

Kicheko nimekisamehe. Hiyo "umeona" ndiyo imenikaa kooni, kwa sababu kila aliyekuwa pale aliondoka akiamini kuwa mtoto amepimwa na amepita. Mlango mzito ukibamizwa, sakafu inatikisika, kiti kinatikisika, hewa inakupiga kifuani. Mtoto asiyesikia kabisa anaupata mshindo huo kwa miguu na mgongo. Na wewe mwenyewe uliruka, mdogo wangu, naye alikuwa mapajani mwako.

Halafu kusikia si ndiyo au hapana. Mazungumzo ya kawaida, mtu akiwa umbali wa mita moja, ni kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ndani ya mazungumzo hayo sauti haziko sawa. Irabu ni nzito na zina nguvu. S, f na t ni nyembamba na hafifu. Mtoto aliyepoteza sauti nyembamba anasikia ngoma, honi, mlango, hata sauti yako ukifoka, lakini "fisi", "kiti" na "siki" zote zinamfikia karibu sawa, "i-i". Atajifunza neno lipi hapo? Kwa hiyo ukiniambia anacheza muziki ukipigwa, nakuamini, na bado nataka apimwe.

Uliniambia alipimwa akiwa mchanga akapita. Ni kweli, karatasi niliiona. Kipimo kile ni cha kuweka kizibo kidogo sikioni, kinatoa sauti za "tik-tik", kisha kinasikiliza mwangwi hafifu unaorudishwa na chembe za sikio la ndani. Mwangwi ukirudi, tunajua sikio linafanya kazi mpaka pale. Baada ya pale kuna mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo, na huo kipimo hicho hakiufikii. Kwa watoto wengi kinatosha. Kwa huyu hakikutosha, kwa sababu alilala chini ya taa za bluu kwa umanjano mkali, na umanjano mkali unaweza kuharibu mshipa huo na kuziacha zile chembe salama. Mwangwi unarudi vizuri kabisa, kila mtu anafurahi, na mtoto anasikia vurugu tu. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa wodi ya wachanga zaidi ya siku tano anatakiwa kupimwa kwa njia ya pili: vibandiko vyenye waya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, mashine inasoma jinsi mshipa na shina la ubongo vinavyoitikia sauti. Hakufanyiwa. Tena alipewa sindano za jentamaisini, dawa inayookoa maisha ya wachanga na ambayo mara nyingine huua zile chembe za sikio la ndani, hata baada ya mtoto kuruhusiwa. Nililisema hili akiwa na miezi mitatu. Ulisema nina mdomo mbaya.

Utaratibu unaofuatwa katika fani hii ya usikivu wa watoto ni rahisi kukumbuka: kupimwa kabla ya mwezi mmoja, tatizo kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, msaada kuanza kabla ya miezi sita. Haukutungwa hewani. Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, Marekani, walionyesha mwaka 1998 kuwa watoto waliogunduliwa kabla ya miezi sita walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, hata pale kiwango cha kutosikia kilipokuwa kilekile. Sehemu ya ubongo inayopokea sauti haikai kusubiri. Isipopata sauti inapewa kazi nyingine. Sisi miezi sita imetupita zamani. Sikusimangi. Nakuambia kwa nini "tusubiri afikishe miaka mitatu" siwezi kuikubali.

Na yale mnayofarijiana nayo hapo nyumbani nayajua yote. "Wavulana huchelewa." Huchelewa kidogo, wiki kadhaa, pengine mwezi au miwili, hawafiki karibu miaka miwili na neno moja. "Lugha mbili zinamchanganya." Hazimchanganyi, mtoto wa lugha mbili tunahesabu maneno ya zote kwa pamoja, na jumla yake haipungui hivi. "Ulimi umeshikwa." Ulimi ulioshikwa unaweza kuleta shida ya kunyonya au ya kutamka herufi fulani, haumzuii mtoto kujaribu neno. "Akiwa na miezi minne alikuwa akiongea peke yake." Watoto wasiosikia nao hutoa "aa" na "guu" miezi ya mwanzo, kwa sababu hizo huja zenyewe. Kinachokawia au kufifia ni "ba-ba-ba" ya kati ya miezi sita na tisa, ile ambayo mtoto anajisikiliza na kuirudia. Jiulize kama uliwahi kuisikia kwake. Mimi sikumbuki.

Kama huniamini, mjaribu mwenyewe. Zima televisheni na feni. Mtoto akae mapajani mwa baba yake akiwa ameshiba na hana usingizi. Mtu mmoja akae mbele amwonyeshe mwanasesere, kisha aufiche na kutulia; hapo ndipo wewe, uliye nyuma, utoe sauti. Simama umbali wa mkono mmoja hadi mita moja, usawa wa sikio, pembeni kidogo, mahali asipoweza kukuona hata kwa pembe ya jicho. Toa "sss" laini, ungoje sekunde chache. Kisha "uuu" nzito ya chini. Kisha sugua karatasi vidoleni. Hamia upande wa pili. Usipake manukato siku hiyo, usivae bangili, hakikisha kivuli chako hakipiti mbele yake, na kioo kisiwepo. Watoto wasiosikia ni wapelelezi, wanageukia harufu, upepo, hata macho ya anayemwangalia mtu aliye nyuma. Huyo aliye mbele asikutazame. Usirudie sauti moja zaidi ya mara mbili au tatu, atachoka na utadhani hasikii. Asipogeuka, umepata jibu la kutosha kwenda hospitali. Akigeuka, bado nataka aende, kwa sababu mtoto anayesikia kwa sikio moja hulivuka jaribio hili.

Mama ameniambia pia kuwa sikio la kushoto linatoa usaha na mnalitia mafuta ya uvuguvugu. Acheni leo. Usaha ambao haujafikisha siku 14, au sikio linalouma, ni maambukizi mapya na huhitaji dawa ya kumeza kwa cheti cha daktari. Ukifikisha siku 14 au zaidi ni sugu. Hapo tiba kubwa ni kulikausha na kutia matone. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, au karatasi laini isiyokatika ikilowa, usokote kama utambi. Ingiza taratibu sikioni, uache ulowe, utoe, uweke mwingine, mpaka utambi utoke mkavu. Angalau mara tatu kwa siku. Usiuache ndani na usitumie vijiti vya pamba, vinasukuma uchafu. Kisha matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili kama atakavyoandikiwa. Wakikupa matone yenye jentamaisini uliza kwanza, kwa sababu ngoma ya sikio ikiwa na tundu dawa hiyo inaweza kupenya ndani. Maji yasiingie anapooga. Na ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, usisubiri asubuhi.

Hata usaha ukikauka, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio. Hayaumi wala hayaonekani kwa nje. Mengi huisha yenyewe ndani ya miezi mitatu. Yakizidi hapo yanapunguza usikivu kiasi cha mtu aliyejiziba masikio kwa vidole. Huenda kwa kijana wetu ni hayo tu, na ningefurahi kuliko wewe. Lakini hilo halisemwi kwa kutazama.

Mama anasema ningengoja harusi iishe. Ningengoja nini? Kabla ya hapo niliomba mara ngapi uniletee, ukawa na safari, ukawa na mgeni, ukawa na mafua? Kwenye harusi nilikuwa na ukimya wa dakika chache na mtoto mkononi mwako. Ningemwona barabarani anavuja damu ningengoja nasaha ziishe?

Na dada yake, wa miaka 14, aliyekaa meza ile na hedifoni shingoni. Nilizisikia nikiwa nimesimama. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 90 mtu mzima ana kama saa nne tu kwa wiki nzima. Asizidishe asilimia 60 ya sauti ya simu. Masikio yakimlia "wiii" baada ya kuzivua, ujue ameshapitiliza. Chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena, na kwake hazikuwa na shida yoyote.

Ukikubali, na naomba ukubali wiki hii, mambo ya siku ya kipimo ni haya. Kwanza watamwekea ncha laini sikioni inayobadilisha mgandamizo wa hewa. Ni sekunde chache, na mchoro ukitoka bapa mara nyingi kuna majimaji. Kisha watamweka chumba chenye spika mbili na wanasesere wanaowaka taa kila anapogeukia sauti. Hapo mwache acheze, usimsaidie hata kwa kumgusa. Kile cha vibandiko anatakiwa alale. Mwamshe mapema kuliko kawaida, asisinzie njiani hata kidogo, umlishe mlangoni mwa chumba. Wakisema atapewa dawa ya usingizi, masharti ya kutokula ni yao, yafuate saa kwa saa. Usimpake mafuta usoni wala nyuma ya masikio, vibandiko havitashika.

Wakisema anahitaji vifaa vya kusikia, usilie mbele yake, anasoma nyuso kuliko sisi. Kifaa kikianza kupiga filimbi, kizibo chake cha sikioni kimekuwa kidogo, sikio limekua. Hubadilishwa kila baada ya miezi michache kwa umri wake. Betri ni ndogo kama kifungo, na ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, hivyo omba kifaa chenye kufuli ya betri. Lugha ya alama anzeni palepale, nyote, bila kungoja majibu ya mwisho. Haimzuii mtoto kusema. Inampa cha kusema.

Uje na karatasi ya kutoka wodini, ile yenye kiwango cha umanjano na majina ya sindano. Kama umeipoteza usihangaike, nakala ninayo tangu siku ile.

Dada yako