Shukrani kwa mama wa kofia ya njano, Savannah

Mama, jina hatukukuuliza, na aibu tunayo. Mimi na shoga yangu tulizunguka Savannah, mji wa jimbo la Georgia, Marekani, kwa miguu tangu asubuhi, tukihesabu viwanja vyake vya mapumziko (vilivyosalia hadi leo ni 22), hadi mawe ya River Street, yale yaliyoletwa na merikebu kama farumi, yaani uzito wa kuzituliza majini, yakanikatia gidamu ya ndara. Nikafika Franklin Square, kimojawapo cha viwanja hivyo, nachechemea. Ukatoa sindano mkobani, ukaishona pale pale kwenye benchi, uzi ukiukata kwa meno. Kisha ukatuonyesha kanisa la First African Baptist, tukayatazame matundu ya sakafuni: husimuliwa kuwa watumwa waliotoroka walijificha chini yake, wakipumulia hapo. Sisi tungelipita tu! Ndara naivaa hadi leo. Asante sana, mama.