Amina, kabla hujapanda basi Ijumaa

Amina mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu na usingizi haujaja. Kwenda Watamu pwani ya Kenya sawa, kulinda kasa sawa, nimeshakubali na sibadilishi, lakini hiyo ya kutembea ufukweni saa nane usiku bila tochi ndiyo imenikaa kooni. Najua umenieleza, kasa jike akiona mwanga anageuza anarudi majini bila kutaga, na vitoto vikitoka mchangani vinafuata mwanga, vikiona taa za hoteli vinaenda huko vinakufia nchi kavu. Nimeelewa. Ila wewe huogelei Amina.

Ziwa letu la Victoria hapa Masese, Uganda, unaliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Bahari inaondoka inarudi, mara mbili kwa siku! Kuna dereva wa lori wa Mombasa anapakia mukene, hao dagaa wetu, hapa, ameniambia mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanapanda kupita kawaida, wanaita bamvua. Basi kila siku kabla hujatoka uliza maji yanajaa saa ngapi, uliza mwenyeji, usitegemee simu. Na wakisema twende na boti, laifu jaketi kwanza, uivae ukiwa bado mchangani, ufunge mikanda yote, usione haya.

Wenzako wote wa hapa mwaloni, boti za samaki zinapotia nanga, wanaogelea. Najua nani alikukataza. Tafuta mtu akufundishe, mwanamke, mchana, maji yasipite kiuno.

Halafu ukikuta mvuvi kasa amenasa kwenye wavu wake usimfokee. Umesema wengine wanawapigia simu wenyewe walinzi wa kasa, wapewe kitu kidogo wamwachie, hiyo ni busara, maana mnyama mzito vile akijizungusha anachana nyuzi na siku ya yule mzee imeishia hapo, kushona wavu si mchezo. Mimi hapa miaka ishirini nanunua samaki. Kuna miaka nilinunua hata vitoto vya sangara, urefu wa kiganja, kila mtu alinunua, karo yako ya senior one, ule mwaka wa kwanza wa sekondari, ilitoka mle. Usiwasimulie huko. Au wasimulie, utaona mwenyewe.

Jana nimemwambia mama wa duka, mwanangu anaenda kulinda mayai zaidi ya mia kwenye shimo moja, mama yao ameyafukia kwa mapezi amekwenda zake, miezi kama miwili watoto wanajitokea peke yao. Kifua kilinijaa. Lakini pia Amina, digrii ya miaka mitatu halafu unaenda kujitolea bila mshahara, hilo sijalimeza, tutaongea ukirudi.

Jaja, bibi yako, anauliza nani atamsomea dawa zake, nimemwambia Musa, na huyo Musa ndiye amechukua chaja yako nyeusi, ataileta leo. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja hanyonyi namlisha kwa chupa. Bati la jikoni bado linavuja, fundi anataka laki moja na nusu, asubiri. Mukene wa kukaanga nimeweka kwenye ile ndoo ya bluu, usiwagawie wote ndani ya basi. Kitambulisho weka karibu, pale mpakani Busia wanakiomba.

Ukifika niandikie kabla hujalala, uniambie maji umeyakuta yamejaa au yamekupwa.

Mama